Karata isiyokujua: taroti na kazi ya kujitambua

Mtu aliyewahi kukaa barazani akicheza karata kwa Kiswahili tayari ana sehemu ya msamiati wa taroti, karata za picha ambazo wengi huzitumia kubashiri, kinywani mwake, ingawa huenda hajui. Tunaposema kopa, shupaza, uru na pao, tunatamka maneno ya Kireno yaliyobaki pwani baada ya wenyewe kuondoka: copas ni vikombe, espadas ni panga, ouros ni dhahabu, na paus ni magongo. Ndiyo maana mchezaji huita kopa picha ambayo kwa macho yake ni moyo. Vikombe, panga, sarafu na magongo ndizo aina nne za karata za taroti, na hata turufu, neno tulilolitoa mchezoni tukalipeleka kwenye siasa na biashara, limetokana na trunfo ya Kireno, ambayo ni ndugu wa trionfi, jina ambalo Waitaliano wa karne ya 15 walizipa karata zilizokuja kuitwa taroti.

Naanza na ukoo huu wa maneno kwa sababu mazungumzo kuhusu taroti kwa kawaida huanza ama kwa hofu ama kwa mvuto, na hali zote mbili humfanya mtu aamini kwamba karata hizi zina siri ya kale ndani yake. Hazina. Ni karata za mchezo, na historia yake inajulikana vizuri kuliko ya mambo mengi tunayoyaogopa.

Karata za kuchezea ziliingia Ulaya katika karne ya 14 kutoka ulimwengu wa Kiislamu. Wamamluki, watawala wa Misri wa zama hizo, walikuwa na karata zenye vikombe, panga, sarafu na fimbo za polo, na seti yao moja imehifadhiwa mpaka leo katika jumba la Topkapi mjini Istanbul. Miongoni mwa karata zao za vyeo ilikuwamo ya naibu, neno lile lile tunalolitumia maofisini, na Waitaliano walilichukua wakaziita karata zote naibi. Kuanzia takribani mwaka 1440, watawala wa miji ya kaskazini mwa Italia, hasa Milan na Ferrara, walianza kuagiza seti zilizoongezwa karata za picha zilizokuwa na nguvu ya kuzila nyingine: mfalme, papa wa Roma, wapendanao, gurudumu la bahati, mauti, nyota, mwezi, jua. Hizo ndizo turufu za mwanzo kabisa. Seti kamili ilikuja kutulia kwenye karata 78, yaani 22 za picha kuu na 56 za aina nne. Kwa zaidi ya karne tatu matumizi yake makuu yalikuwa mchezo, jambo ambalo mwanafalsafa Mwingereza Michael Dummett alilithibitisha kwa ushahidi mwingi mwaka 1980, na mpaka sasa wako watu Ufaransa na Austria wanaozicheza jioni bila kuwaza habari ya kubashiri.

Habari za siri zilikuja baadaye. Mwaka 1781 mwanazuoni Mfaransa Antoine Court de Gébelin alichapisha madai kwamba taroti ni mabaki ya kitabu cha hekima cha makuhani wa Misri ya kale. Aliyaandika hayo miaka 41 kabla ya Champollion kufumbua maandishi ya Kimisri mwaka 1822, yaani katika wakati ambao hakuna Mzungu aliyeweza kuyasoma maandishi hayo na kumkosoa. Miaka michache baada yake, mtu wa Paris aliyejiita Etteilla, jina lake halisi Alliette likiwa limeandikwa kinyumenyume, alitoa mwongozo wa kubashiri kwa karata hizo. Maana nyingi zinazouzwa leo kama urithi wa maelfu ya miaka zina umri wa karne mbili na ushei tu.

Seti iliyobadilisha kila kitu ilichapishwa London mwishoni mwa mwaka 1909. Arthur Edward Waite ndiye aliyeipanga, lakini aliyeichora ni Pamela Colman Smith, msanii aliyezaliwa London mwaka 1878 na kuishi sehemu ya utoto wake Jamaika. Kabla yake, karata ndogo za seti nyingi zilikuwa na alama tupu: vikombe vitano vilivyopangwa, panga nane zilizopishana. Smith alizijaza watu. Aliweka mwanamke aliyefungwa macho katikati ya panga, mtu anayeondoka usiku akiviacha vikombe vyake nyuma, mtu aliyelala kaburini huku mikono yake imekutana kifuani. Kwa kazi hiyo yote alilalamika katika barua kwamba alilipwa fedha kidogo sana. Kwa maoni yangu yeye ndiye mtu muhimu kuliko wote katika habari ya taroti na saikolojia, kuliko hata wanasaikolojia wenyewe, kwa sababu bila watu wale wadogo waliowekwa katika hali zisizoelezwa, karata zisingekuwa na la kumwambia mtu anayetaka kujichunguza.

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe: picha isiyokujua inawezaje kukusaidia kujijua?

Jibu la kawaida humtaja Carl Gustav Jung, daktari wa akili wa Uswisi. Ni kweli kwamba Jung alizitaja karata hizi, ingawa kwa uchache kuliko wafuasi wake wanavyodokeza. Mahali panapojulikana zaidi ni katika semina aliyoitoa kwa Kiingereza mjini Zurich mwaka 1933, ambako alieleza kwamba ni picha za kisaikolojia, alama ambazo mtu huzichezea, kama vile sehemu ya nafsi isiyotambuliwa inavyoonekana kuyachezea yaliyomo ndani yake. Inafaa kusema pia, kwa ajili ya uadilifu, kwamba Jung hakuufunga mlango wa ubashiri kabisa. Alikuwa na udadisi mkubwa juu ya njia za kupiga bao za Kichina, na anayemtumia kama ngao ya kisayansi dhidi ya mambo hayo atakuwa amemsoma nusu.

Kinachonivutia zaidi ni chanzo cha semina ile. Kwa miaka kadhaa Jung na wasikilizaji wake walikuwa wakichambua maono na michoro ya mwanamke mmoja Mmarekani, Christiana Morgan. Mwanamke huyo huyo, akishirikiana na Henry Murray katika kliniki ya saikolojia ya Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha mwaka 1935 jaribio ambalo wanasaikolojia wanalijua mpaka leo: unapewa picha ya mtu au watu walio katika hali isiyo wazi, kisha unaombwa usimulie kinachotokea, kilichotangulia, na mwisho wake. Picha ya kwanza ni ya mtoto wa kiume anayekitazama chombo cha muziki, fidla, kilicho mbele yake mezani. Mmoja husimulia mtoto aliyelazimishwa na wazazi kujifunza asichokipenda. Mwingine husimulia mtoto maskini anayeota kuwa mwanamuziki mkubwa. Picha ni moja. Tofauti imeletwa na wasimulizi.

Huo ndio utaratibu wote, na mtu akiuelewa hahitaji fumbo jingine. Picha isiyoeleza kila kitu huacha mapengo, na akili ya binadamu haivumilii pengo. Hulijaza kwa kile ilicho nacho karibu, yaani hofu, matumaini, kinyongo na kumbukumbu za mwenyewe. Wanasaikolojia husema kwamba mtu anaitupia picha yaliyomo ndani yake. Wahenga wetu walilijua jambo hili kwa upande wake mchungu waliposema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Kuiambia karata kile usichoweza kujiambia moja kwa moja ni njia ya kulitazama kundu lako mwenyewe huku ukidhani unatazama la nyani mwingine, mpaka ghafla ukalitambua.

Tuchukue mfano wa Tano ya Vikombe. Mtu aliyevaa joho jeusi ameinamisha kichwa. Mbele yake vikombe vitatu vimeanguka na kinywaji kimemwagika. Nyuma yake, asikotazama, vimesimama vikombe viwili. Mbali kidogo kuna mto, daraja, na jengo upande wa pili. Vitabu vya maana za karata vitakuambia: hasara, majuto. Neno hilo moja halimsaidii yeyote. Lakini mweke mtu mbele ya picha hiyo, umwombe aieleze polepole, na utashangaa. Wapo wasioviona vikombe viwili mpaka waonyeshwe. Wapo wanaoviona mara moja na kumkasirikia mtu wa joho: kwa nini hageuki? Ukimsikiliza anayekasirika hivyo, mara nyingi utagundua kwamba yeye mwenyewe hajajiruhusu kuomboleza jambo fulani, na ukali anaomwonyesha mtu wa kwenye karata ndio ule anaojionyesha mwenyewe kila siku. Mwingine atasema kwamba mtu yule anafanya haki yake, aachwe alie kwanza, daraja halitahama. Hakuna jibu lililo sahihi. Lililo muhimu ni kwamba kila mmoja amesema jambo ambalo, kama angeulizwa moja kwa moja “unajisikiaje?”, angejibu “nzuri tu” na mazungumzo yakaisha.

Au Kumi ya Magongo: mtu amebeba mzigo wa magongo kumi, ameukumbatia kifuani kiasi kwamba umemziba uso, naye anajikokota kuelekea mjini. Kifungua mimba anayesomesha wadogo zake wanne na kutuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi hahitaji kuelezwa maana ya picha hiyo. Swali lenye faida kwake si “mzigo wangu ni nini”, kwa kuwa anaujua. Ni maswali madogo yanayotoka kwenye mchoro: kwa nini ameyabeba kwa namna inayomzuia kuona njia? Je, kuna gongo ambalo hakupewa na mtu yeyote, alilolichukua mwenyewe? Na akifika mjini, nani anamngojea? Hapo ndipo kazi inapoanza, na karata haifanyi kazi hiyo. Inampa tu mahali pa kuanzia.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kutumia taroti kwa njia hii anashauriwa kukifunga kitabu cha maana za karata, walau mwanzoni. Achague karata moja, ama kwa kuichomoa bila kuona, ama, na mimi naona hii ni bora, kwa kuzitandaza zote zikiwa wazi na kuchukua ile inayomvuta au inayomkera. Ataje kwanza vitu anavyoviona tu, bila tafsiri: mlima, mbwa, mvua, mkono ulioshika nini. Kisha asimulie: nani huyu, alikuwa wapi asubuhi ya leo, anaogopa nini. Baada ya hapo ndipo ajiulize ni sehemu ipi ya simulizi ile imemhusu. Aandike yote hayo, kwa kuwa kuandika kuna uzito wake. Katika utafiti wa mwanasaikolojia James Pennebaker uliochapishwa mwaka 1986, wanafunzi wa chuo walioandika juu ya mambo yaliyowaumiza kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo, walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Tafiti nyingi za baadaye zimeonyesha faida ndogo zaidi na zisizo sawa kwa kila mtu, lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji karata.

Karata kuu 22 zina habari yake ya pekee. Wafuasi wa Jung huzisoma kama safari moja, kuanzia Mjinga mwenye namba 0 anayekaribia kuukanyaga ukingo wa genge, mpaka Ulimwengu, na katika kila hatua huona mojawapo ya zile sura ambazo Jung aliamini zimo ndani ya watu wote: mama, mzee mwenye hekima, kivuli. Kivuli, kwa lugha yake, ni zile tabia zetu tulizozikataa na kuzifungia ndani, na katika taroti hutafutwa kwenye karata ambazo mtu hataki kuzigusa. Mauti ni mfano mzuri. Katika mchoro wa Smith, mifupa iliyovaa deraya nyeusi imepanda farasi mweupe. Mfalme amelala chini, askofu amesimama mikono ikiwa pamoja, msichana amepiga magoti na kugeuza uso, na mtoto amepiga magoti akitazama. Kuuliza “mimi ni nani kati ya hawa wanne ninapofikiwa na mwisho wa jambo?” ni swali zito kuliko tafsiri yoyote ya karata hiyo, iwe ile ya kutisha au ile ya kubembeleza inayosema kwamba ni “mabadiliko tu”.

Lakini je, sura hizi ni za watu wote kweli? Hapa nina shaka. Jung mwenyewe alikuja kwetu kuutafuta ushahidi. Mwishoni mwa mwaka 1925 alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, kisha akakaa wiki kadhaa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, akizungumza na wenyeji kwa Kiswahili cha kujifunza kwa haraka na kuwauliza habari za ndoto zao. Mganga mzee mmoja alimwambia kwamba tangu Waingereza waje hawaoti tena ndoto kubwa, kwa kuwa mkuu wa wilaya anajua kila kitu. Jung aliyachukulia maneno hayo kwa uzito wa huzuni, na huenda alikuwa sahihi, ingawa msomaji anayezijua kejeli za wazee wetu anaweza kusikia ndani yake pia kicheko kilichofichwa. Vyovyote iwavyo, papa, mtawa na jemadari juu ya gari la vita ni watu wa Italia ya karne ya 15. Msomaji wa Kiswahili akimtazama Mjinga anaweza kumkumbuka Abunuwasi, na Abunuwasi si mjinga hata kidogo. Anajifanya mjinga ili awaumbue wenye mamlaka. Huyo ni mtu mwingine, mwenye mafunzo mengine. Kutopata maana katika karata fulani si dalili ya kukosa kina. Huenda ni kwa sababu picha hiyo ilichorwa kwa ajili ya macho ya watu wengine.

Kuna hatari tatu ambazo wauzaji wa karata hawazitaji sana. Ya kwanza ni wepesi wetu wa kujiona katika maneno yoyote. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha akampa kila mmoja maelezo yaliyodaiwa kuwa yake binafsi, na kuwaomba wayape alama. Wastani ulikuwa 4.26 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa maandishi yale yale, ambayo sehemu yake kubwa aliitoa kwenye kitabu cha unajimu alichokinunua kibandani. Kwa hiyo, mtu anayetoka kwa msomaji wa karata akisema “amenijua kabisa” hajathibitisha lolote. Hii ndiyo sababu nyingine ya mtu kusimulia mwenyewe badala ya kusomewa: maneno ya jumla hayana nafasi kubwa pale ambapo wewe ndiye unayetakiwa kutaja jina, siku na mahali.

Ya pili ni kugeuza swali. “Ninaona nini hapa, na kwa nini?” ni swali la kujichunguza, “atanirudia?” ni ramli, hata kama limeulizwa kwa lugha ya saikolojia. Dalili ya kuvuka mpaka huo ni rahisi kuiona: mtu anachomoa karata ya pili kwa sababu hakuipenda ya kwanza, kisha ya tatu.

Ya tatu ni kuitumia picha mahali panapohitaji daktari. Mtu asiyelala kwa wiki kadhaa, anayesikia sauti, au anayefikiria kujidhuru hafai kuachwa na karata mkononi. Na anayeanza kuona kwamba kila picha imewekwa makusudi kumpa ujumbe anapaswa kuziweka kando siku hiyo hiyo na kumtafuta mtaalamu.

Bado kuna suala la dini, ambalo mwandishi wa Kiswahili hawezi kulikwepa. Sura ya al-Maida, aya ya 90, inaikataza ramli pamoja na ulevi na kamari, na Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, linamkataza “atazamaye bao”. Anayetumia karata kama picha za kutafakari atasema kwamba yeye habashiri, na kwa mantiki ya makala hii anasema kweli. Hata hivyo, wapo wenye elimu ya dini ambao kwao chombo kilichojulikana kwa uaguzi huachwa hata kama nia ni nyingine, na msimamo huo hauhitaji kudharauliwa. Muumini ana njia zake za kujihesabu nafsi, ikiwamo muhasaba wa jioni, na anayetaka picha tu anaweza kutumia picha za magazeti ya zamani, zenye watu, zilizokatwa bila maelezo yake. Zitafanya kazi ile ile.

Anayeendelea na karata, na kuhifadhi daftari lake likiwa na tarehe, anaweza kuirudia Tano ya Vikombe baada ya miezi sita na kusoma alichoandika mara ya kwanza. Huenda akakuta ukurasa mzima kuhusu joho jeusi, mistari miwili kuhusu vikombe vilivyomwagika, na daraja halikutajwa kabisa.